Aanikaye Haondoki

Masika haya mtoto wa kaka yangu, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vichache upande wa Mkoani, Pemba, alinitumia picha ya mashine ya kukaushia nguo. Ilikuwa imefika kwenye kontena la jamaa zetu wa Uingereza, pamoja na baiskeli, makochi na majokofu yaliyokwisha tumika. Furaha yake ilikuwa ya haki. Mvua haikatiki, mashuka hayakauki, na mgeni aliyelipa hakubali kulala juu ya shuka linalonuka ukungu. "Shangazi," aliandika, "weye umezifanyia kazi mashine hizi miaka mingi. Nambie tu, tukuza itaniumiza?"

Niliitazama picha kabla ya kujibu habari ya tukuza, yaani umeme wetu wa kulipia kabla. Mashine imewekwa stoo, katikati ya magodoro ya sponji na mito ya usufi. Bomba lake la kutolea hewa limekunjwa nyuma na kuelekezwa uvunguni mwa kitanda kibovu. Waya wake umechomekwa kwenye ekstensheni moja na jokofu na chaja za simu. Mlango wa stoo una kufuli kubwa, na mshika ufunguo, ambaye tabia yake naijua, saa tatu ya usiku keshalala.

Nilimjibu kwa sauti, maana maneno yalikuwa mengi kuliko vidole vyangu vinavyoweza kuandika. Tangu siku hiyo nimesikia habari za mashine nyingine kama hiyo, Chake Chake na Wete, na nadhani zitazidi kuja. Sisi tuliozitumia ugenini tunazituma nyumbani kwa mapenzi, ila hatutumi pamoja nazo yale tuliyoyaona zikiyafanya.

Nimezaliwa Chokocho, kusini mwa Pemba, kwenye bandari ndogo ambako watu hupanda boti kwenda Kisiwa Panza. Nyumba yetu haikuwa na umeme, wala ya jirani haikuwa nao. Moto tuliujua wa kibatari, wa pasi ya mkaa na wa kuni, na yote mitatu ilikuwa ikionekana kwa macho. Masika ya huko si mchezo. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na zikishika, nguo unaianika barazani asubuhi, jioni unaitoa ikiwa nzito vilevile, imeongeza harufu tu. Mtu mzima huvumilia. Mtoto mchanga havumilii, na nepi zake za kitambaa haziishi. Kwa hiyo kina mama walizipeleka jikoni.

Jiko letu, kama majiko yote ya pale, lilikuwa banda la peke yake nyuma ya nyumba, kuta za fito na udongo, paa la makuti. Juu ya mafiga palikuwa na uchaga wa kukaushia kuni na mahindi, na chini ya uchaga kamba ya kutungikia nepi. Bibi yangu alikuwa na sheria moja juu ya kamba ile. "Aanikaye haondoki." Ukitundika nguo juu ya moto, unakaa chini unachambua mchele, unakuna nazi, unasuka ukili, unafanya utakalo, lakini hapo hapo. Ukiitwa, unaanua kwanza, kisha unaitika.

Jioni moja mke wa jirani aliitwa kwenye uchungu wa dada yake akatoka mbio. Hakuna wa kumlaumu, uzazi hausubiri nepi. Kamba ilikatika au nepi ilipeperuka, hakuna aliyejua, na banda likashika. Nakumbuka sauti ya makuti yakiungua kuliko ninavyoukumbuka mwali wenyewe. Wanaume walikuja mbio kutoka bandarini. Wengine walimwaga mchanga, wengine walipokezana ndoo kutoka kisimani. Wale wakubwa, waliokwisha ona moto wa makuti, hawakulitazama kabisa banda linaloungua. Walipanda paa la nyumba ya pili, ambayo haijashika, wakaanza kuliezua. Mwenye nyumba alipiga kelele. Waliendelea kuezua. Cheche zilipofika pale zilikuta fito tupu, zikafa.

Nilikuwa mdogo na jambo lile lilinishangaza. Inakuwaje mtu abomoe nyumba nzima ili kuokoa nyumba? Baadaye nilifahamu kwamba wale wazee hawakuwa wakipigana na moto uliokuwapo. Walikuwa wakiufungia njia ule unaokuja. Na nikafahamu pia kwa nini jiko lilijengwa mbali na vyumba vya kulala, jambo ambalo sisi watoto tuliliona adha tu wakati wa mvua. Kila kinachokaushwa kwa moto kilikaushwa mahali ambapo pakiungua, hapaungui mtu. Katika picha ya mtoto wa kaka yangu joto, nguo, magodoro na wageni waliolala viko chini ya paa moja, na kilichovitenga ni ukuta wa mbao.

Somo la pili nililipata ufukweni. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa vyombo, na mimi mtoto wa kike nilikuwa nikimpelekea uji wa asubuhi. Chini ya mkungu palikuwa daima na mashua iliyopinduliwa, na watu wawili watatu wanagonga kalafati: pamba iliyorowekwa mafuta, ikipigiliwa kwenye nafasi kati ya ubao na ubao. Juu ya usawa wa maji mbao zilipakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, yenye harufu ambayo aliyeinusa mara moja haimtoki. Kazi ile ilizalisha matambara mengi. Na babu, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akimgombeza mtu kwa kupoteza msumari, alikuwa mkali kwenye matambara. Mwanafunzi wake akiyakusanya na kuyatupia pembeni mwa banda, alirudishwa. Lilitakiwa kila moja litandazwe peke yake juu ya mikoko au mchangani, mpaka likauke liwe gumu. Lisipotandazwa, litoswe kwenye pipa la maji. "Tambara la sifa halilali na mwenzake," alisema, na hakueleza zaidi. Nadhani na yeye hakuelezwa.

Maelezo yapo. Mafuta ya samaki, mafuta ya kitani na mengi ya mimea tunayopikia hukauka kwa kushika oksijeni ya hewani, na kila yanapoishika hutoa joto kidogo. Tambara likitandazwa, upepo hulichukua joto hilo lisijulikane. Matambara yakirundikwa, joto la katikati halina pa kwenda. Linazidisha kasi ya mafuta kushika oksijeni, kasi inazidisha joto, na baada ya saa kadhaa rundo linawaka lenyewe bila kiberiti, bila umeme, bila mtu. Huko Philadelphia, Marekani, tarehe 23 Februari 1991, jengo refu la ofisi liitwalo One Meridian Plaza liliungua kwa sababu mafundi wa mbao waliacha matambara yenye mafuta ya kitani kwenye ghorofa ya 22. Wazimamoto watatu walifia humo. Babu yangu asingelijua jengo la ghorofa 38, lakini chanzo cha moto ule asingehitaji kuelezwa. (Mafuta ya nazi, kwa faida ya wasomaji wa kwetu, ni mapole zaidi kuliko haya. Mapole, sikusema salama.)

Juu ya karafuu sina haja ya kusema mengi, kila Mpemba anajua. Zikishachambuliwa, zinatandazwa kwenye majamvi, tabaka jembamba, zinageuzwa, na mvua ikitisha zinakusanywa mbio. Zikilala kwenye rundo usiku kucha hali ni mbichi, asubuhi ukitia mkono katikati unakuta joto la ajabu, na karafuu hiyo ukiipeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, utajua bei yake. Hapo ndipo nilipojifunza, bila kujua kama najifunza, kwamba kukausha ni kazi ya upepo kwanza. Jua husaidia. Lakini joto lisilo na upepo haliondoi unyevu, linavundisha, na likizidi linaunguza.

Nilikwenda Uingereza nikiwa msichana mtu mzima, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa chumba cha kufulia cha nyumba ya kulelea wazee. Msimamizi wangu alikuwa mama wa Kijamaika mwenye maneno machache. Siku ya kwanza hakunionesha kitufe cha kuwashia. Alichomoa chujio la mashine ya kukaushia, akaninyooshea. Lilikuwa limefunikwa na manyoya laini ya kijivu, yale yanayomong'onyoka kwenye nguo. Akayakwangua kwa kiganja, akatoka nayo nje, akayaweka juu ya saruji na kuyagusa kwa kiberiti. Yaliwaka mara moja yakaisha, kabla sijarudi nyuma hatua moja. Akazima kijiti, tukaingia ndani, na mafunzo yakawa yamekwisha.

Mashine hii, kwa asiyewahi kuiona ndani, ni pipa linalozunguka, hita ya umeme na feni. Feni huvuta hewa, hita huipasha, hewa hupita kati ya nguo zinazopinduliwa, hubeba unyevu na kutoka nao. Nyingine huutoa nje kwa bomba, nyingine huugeuza maji na kuyaweka kwenye tangi. Chujio hukamata manyoya mengi, si yote. Likiachwa likaziba, hewa hupungua, na hewa ikipungua joto la hita halina wa kuliondoa. Kuna swichi za kukata umeme joto linapopanda, lakini swichi ikikatakata kila siku kwa miaka, huchoka. Manyoya yaliyojipenyeza na kulala karibu na hita hushika cheche, na feni ileile iliyokuwa inakausha huipuliza cheche hiyo hadi kwenye bomba, ambalo nalo limejaa manyoya. Ndiyo maana bomba linalotakiwa ni la bati gumu, fupi, lililonyooka, lenye mdomo nje ya nyumba. Bomba la plastiki lenye mikunjo hushika manyoya kila kunjo, na lenyewe ni kuni.

Jambo jingine alilonifundisha yule mama lilinichukua muda kulikubali. Nguo ikiwa bado mbichi, haina hatari kubwa: maji yake ndiyo yanayolila joto. Hatari inakuja mwishoni, nguo zimekauka na hita bado inapasha. Kwa hiyo watengenezaji huweka dakika za mwisho ambazo hita imezimwa na pipa linaendelea kuzunguka kwa hewa baridi. Kwa mtu mwenye haraka dakika hizo ni upuuzi, nguo si zimeshakauka? Kila mtu pale alikuwa akizikata.

Kijana mmoja alizikata usiku akiwahi basi la mwisho. Mzigo wake ulikuwa vitambaa vya jikoni na taulo za chumba ambamo wazee walikandwa miguu kwa mafuta. Alizitoa zikiwa za moto, akazirundika kwenye kigari cha turubai, akafunika na kwenda zake. Tulipoingia alfajiri, chumba kilikuwa na harufu ya maandazi yaliyoungua. Tuliopitia jikoni tulirudi, huko hapakuwa na kitu. Msimamizi alikwenda moja kwa moja kwenye kigari. Taulo za juu zilikuwa nyeupe na safi. Za katikati zilikuwa kahawia, na alipozitenga zilifuka moshi, moja ikatoa mwali mdogo wa rangi ya machungwa mbele ya macho yetu, saa nyingi baada ya mashine kuzimwa. Tulizitosa kwenye beseni. Wenzangu walisema lazima kuna aliyetupia sigara. Mimi nilimkumbuka babu yangu na pipa lake la maji ufukweni. Sabuni haitoi mafuta yote kwenye kitambaa, kinachobaki hupashwa na mashine, na rundo hufanya yaliyosalia.

Nalitaja hili kwa sababu siku hizi kutoka Unguja mpaka Pemba hoteli zimejaa vyumba vya kusingia na kukandia. Taulo zake zina mafuta kila siku, na kuna mtu mahali fulani anazikausha kwa mashine na kuzirundika kwenye kapu. Zisirundikwe zikiwa za moto. Kama zimelowa mafuta sana, zisiingie kwenye mashine kabisa, zianikwe. Na kwa watu wa Chokocho na bandari nyingine, nguo ya mwanaboti iliyomwagikiwa petroli ni mbaya kuliko taulo la mafuta. Ifuliwe, ianikwe nje, na mashine isiione. Wala mto wa usufi usitiwe humo, wala sponji, wala busati lenye mpira chini.

Nje ya kazi, nilipanga ghorofani, London, na nilikuwa na jirani wa kila kabila. Masika ya Uingereza hayana mwezi wake, kwa hiyo karibu kila nyumba yenye watoto ilikuwa na mashine ya kukaushia, na karibu kila mtu aliiwasha usiku. Sababu ilikuwa ya fedha. Kulikuwa na bei maalumu ya umeme kwa muda wa saa 7 za usiku, nafuu kuliko ya mchana, na Waswahili wenzangu walifundishana habari hiyo kwenye kila maulidi na kila arusi. Washa ukilala, amka ukunje. Sheria ya bibi yangu ilikuwa imepinduliwa miguu juu: aanikaye sasa analala.

Novemba 2015 kampuni ya Whirlpool ilitangaza kwamba mashine zake nyingi za kukaushia, zilizouzwa Uingereza kwa majina kama Hotpoint, Indesit na Creda, zina kasoro: manyoya ya nguo yaliweza kuifikia hita na kuwaka. Zilikuwa zimetengenezwa kwa zaidi ya miaka 10, na idadi yake ilikuwa mamilioni. Watu waliambiwa wasubiri fundi, na wakati wakisubiri waendelee kuzitumia mradi wawepo nyumbani. Kumbe mwaka mmoja kabla, Oktoba 2014, wanaume wawili walikuwa wamekufa katika moto wa nyumba huko Llanrwst, Wales, ambao uchunguzi wa vifo vyao uliuhusisha na mashine ya kukaushia ya kampuni hiyo. Kisha tarehe 19 Agosti 2016, ghorofa ya 7 ya jengo la Shepherd's Court, magharibi mwa London, mashine ya Indesit iliyokuwa ikisubiri fundi ilishika moto mchana. Wazimamoto 120 walihitajika. Picha ya mwali ukipanda nje ya ukuta, dirisha hadi dirisha, ilitufikia sote kwenye simu siku ileile.

Nimeufikiria sana moto ule, kwa sababu unaipa sheria ya bibi yangu mtihani wa haki. Wenye nyumba walikuwemo. Walikuwa macho. Na kwa kuwa walikuwa macho walitoka hai, na katika jengo zima hakufa mtu. Lakini nyumba yao iliteketea, na za majirani wa juu pia. Kukaa karibu na mashine kunaokoa roho. Mashine mbovu hakuitengenezi. Mwaka 2017 ushauri ulibadilika, watu wakaambiwa wazichomoe zile ambazo hazijarekebishwa, na Julai 2019 zilizosalia, hadi nusu milioni, zikaitwa zirudishwe. Serikali ilikuwa imetaja moto usiopungua 750 katika miaka 11 uliohusishwa na mashine hizo. Katikati ya hayo, Juni 2017, jengo la ghorofa la Grenfell Tower, London, liliungua na kuua watu 72. Huko moto ulianzia kwenye jokofu, si kwenye mashine ya nguo, ila kwetu tuliokaa ghorofani uliondoa kabisa ile imani kwamba chombo cheupe cha jikoni hakina neno. Mtaani kwetu baada ya hapo hakuna aliyewasha mashine usiku. Hilo lilidumu miezi kadhaa tu, hata hivyo. Bei ya umeme ina nguvu.

Wamarekani, ambao mashine hizi wanazo karibu kila nyumba, wamehesabu. Mamlaka yao ya zimamoto ilikadiria, kwa miaka 2008 hadi 2010, moto 2,900 kwa mwaka ulioanzia kwenye mashine za kukaushia nguo majumbani, vifo 5 na majeruhi 100 kila mwaka. Chanzo kilichoongoza, asilimia 34, kilikuwa kutosafisha. Mwezi wenye moto mwingi ni Januari, wakati wa baridi kali, mashine zinapofanya kazi mfululizo. Kwa mashine, Januari yao ni kama masika yetu, na moto wa kwetu utakuja masika, siku ambazo mashine haipumui na mwenyewe ana mashuka ya wageni hadi dirishani.

Kwetu kuna na jambo ambalo London halikuwapo, nalo ni waya. Umeme wa gridi ulifika Pemba mwaka 2010 kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, badala ya majenereta ya Wesha, na shirika letu la umeme, ZECO, limeupeleka vijijini kwa kasi ambayo mimi sikuitarajia nikiwa hai. Lakini nyumba nyingi zilifungiwa waya za taa na redio. Mashine ya kukaushia hula wati 2,000 hadi 3,000. Kwa volti 230, wati 2,500 ni karibu ampea 11, kwa saa nzima au zaidi bila kupumzika. Plagi yetu ya miguu mitatu bapa tuliirithi kwa Waingereza, kwa hiyo mashine inayotoka kwao inaingia ukutani bila adapta na bila swali. Hapo ndipo penye mtego. Ndani ya plagi mna fyuzi ya ampea 13, na fyuzi ikikatika kuna mafundi, nimewaona kwa macho yangu, wanaoweka kipande cha waya mahali pake. Ekstensheni nyembamba iliyozungushwa kwenye kibonge hupata moto kabla ya mashine yenyewe. Mashine ya namna hii ichomekwe ukutani peke yake, kwenye soketi ambayo fundi anayeaminika ameukagua waya wake mpaka kwenye mita.

Mtoto wa kaka yangu alinisikiliza kwa adabu, kisha akabisha kwa adabu, kama alivyolelewa. Akasema ana wasichana wawili wa kazi, wana mengi ya kufanya kuliko kukaa wakiitazama mashine. Nikamwambia sikumtaka mtu aikodolee macho. Namtaka mtu awemo ndani ya nyumba, macho, aweze kunusa. Aliihamishia banda la nyuma, lenye sakafu ya saruji na paa la bati, akatoboa ukuta na kutoa bomba nje, la bati. Magodoro yamebaki stoo. Chujio linasafishwa kila mzigo, na wasichana wameoneshwa kwa kiberiti kile nilichooneshwa mimi. Nimewaambia pia kwamba ikitokea wakaona moshi wasiufungue mlango wa mashine, maana wataupa moto hewa unayoitafuta. Wazime swichi kuu kama wanaifikia, wafunge mlango wa banda, watoe watu, wapige simu zimamoto. Gari la zimamoto lina safari mbele yake, kwa hiyo wasianze kujadiliana nani apige. Na umeme kama haujazimwa, hakuna kumwaga maji.

Mashuka mengi, aliniambia wiki iliyopita, sasa anayaanika kwenye kamba chini ya bati pana lililo wazi pande zote, upepo wa bahari ukipita, na mashine anaiwasha kumalizia tu. Umeme umepungua. Swali lake la tukuza limejibika hivyo.

Ombi langu ni kwa ndugu zangu wa Uingereza wanaojaza makontena. Mkijaaliwa kupata mashine ya kukaushia ya bure au ya bei ya kutupa, jiulizeni kwa nini mwenyewe ameitoa. Kama ni Hotpoint, Indesit, Creda, Swan au Proline iliyotengenezwa kati ya mwaka 2004 na 2015, fungueni mlango wake, msome namba ya modeli na ya mashine kwenye kibandiko, mtazame na kama ina nukta ya kijani ndani ya mlango au mgongoni, ambayo ni alama ya kuwa haina kasoro ile, kisha mkague namba hiyo kwa mtengenezaji kabla ya kulipa nauli. Na Taasisi ya Viwango Zanzibar, ikiwa inakagua bidhaa nyingine, iwe na jicho kwa kila chombo chenye hita kinachoshuka bandarini kimeshatumika. Huko mliko mashine zenye kasoro ile zilirudishwa kwa shinikizo la serikali. Ikiwa yenu imo kwenye orodha ya hizo, msiitume Pemba.